Nzi wa Ukazi: ukoo mzima ndani ya ufa mmoja wa jiwe

Kama umewahi kupanda basi la Garissa kutoka Nairobi, unajua jinsi safari hiyo inavyobadilika. Thika bado ni kijani. Matuu kuna maembe. Ukifika Mwingi joto limeanza kukolea, na ukishapita Nguni nyumba zinapungua, migunga inaongezeka, na huku na huku unaona vilima vya jiwe tupu vimechomoza kwenye ardhi tambarare. Kimoja kati ya vilima hivyo kiko Ukazi (wengine huandika Ukasi), kando kabisa ya barabara. Kuna soko dogo, watu wanakunywa chai, dereva anapiga honi, basi linaondoka.

Ndani ya kilima hicho kuna ufa. Ndani ya ufa kuna popo, na chini ya popo, kwenye giza na harufu, anaishi nzi wa ajabu kuliko nzi wote ninaowajua. Haruki. Ana manyoya kama mnyama. Macho yake ni madogo mno. Ukimwona akitembea ukutani utaapa ni buibui. Kuanzia mwaka 1933 alipookotwa mara ya kwanza hadi mwaka 2010, yaani miaka 77, hapakujulikana mahali pengine popote duniani anapoishi ila hapo Ukazi.

Jina lake la kisayansi ni Mormotomyia hirsuta. Mimi nimesoma shahada ya uzamili ya wadudu, tena upande wa nzi, na nikamaliza kozi bila kumsikia hata mara moja. Tulijifunza nzi wa embe, mbu, mbung'o, wale wanaotuletea hasara au ugonjwa. Huyu nilimkuta kwa bahati, nikitafuta kitu kingine kabisa. Nikakaa na kompyuta hadi saa nane usiku. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuwachosha wenzangu na hadithi yake, kwa hiyo leo ni zamu yenu.

Kwanza, neno "familia". Tukiwa shuleni tulikariri ule mlolongo: oda, familia, jenasi, spishi. Tuuweke kwa lugha ya nyumbani. Spishi ni kama mtu mmoja, jenasi ni nyumba yao, familia ni ukoo mzima. Oda ya nzi inaitwa Diptera, maana yake "mabawa mawili", na imeshaelezwa kuwa na spishi zaidi ya 150,000. Ndani yake kuna koo nyingi. Ukoo wa mbu (ndiyo, mbu ni nzi) una spishi zaidi ya 3,500. Ukoo wa vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva sana una zaidi ya 4,000. Mbung'o ni ukoo mdogo, spishi ishirini na kitu tu, zote katika jenasi moja.

Ukoo wa nzi wa Ukazi, Mormotomyiidae, una spishi moja. Jenasi moja, spishi moja, basi. Hana ndugu wala binamu wa karibu. Wale wanaopenda wanyama wakubwa watanielewa nikisema ni kama muhanga, yule mchimba mashimo anayekula mchwa, ambaye ndiye peke yake aliyebaki katika oda yake nzima. Tofauti ni kwamba muhanga ametapakaa sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Huyu wetu ana ufa.

Sasa tumtazame mwenyewe. Urefu wa mwili ni kama sentimita moja, mkubwa kuliko nzi wa nyumbani. Miguu mirefu. Manyoya yenye rangi ya manjano yamemfunika mwilini na miguuni, marefu kiasi kwamba umbo lake halionekani sawasawa. Mabawa yapo, lakini yamesinyaa yakawa kama vipande vyembamba vya utepe, havimnyanyui hata nchi moja. Jina lenyewe lina vitisho: neno la Kigiriki lililotumika kuliunda linamaanisha kitu cha kutisha, zimwi, na hirsuta ni Kilatini cha "mwenye manyoya". Kwa hiyo ni nzi-zimwi mwenye manyoya. Jina kubwa kwa mdudu asiyeuma mtu.

Swali la kwanza ambalo kila mtu huuliza: nzi asiyeruka, si hasara tupu? Kuruka ndiyo kazi ya nzi!

Inategemea unaishi wapi. Bawa ni mali ghali. Misuli ya kulipiga inakula nishati nyingi, na mdudu anaijenga misuli hiyo kwa chakula ambacho angeweza kukitumia kutengeneza mayai. Gharama hiyo inalipa kama kuruka kunakufikisha kwenye chakula, kwa mwenzi au mbali na adui. Lakini mtu anayeishi ndani ya ufa, na kila kitu anachohitaji kiko humo humo, akiruka anaenda wapi? Nje ni jua la Ukambani na mawe ya moto. Nzi aliyezaliwa na mabawa mazuri akitoka nje, uwezekano wa kurudi kwenye ufa ule ule ni mdogo, na asiporudi hazai. Aliyezaliwa na mabawa mabovu anabaki ndani, anakula, anazaa. Rudia hesabu hiyo vizazi kwa vizazi na ukoo mzima utaishia kutembea. Si lazima kuwe na faida kubwa ya kutokuwa na mabawa. Inatosha kwamba wenye mabawa wanapotea.

Jambo hilo hilo limetokea kwenye visiwa vyenye upepo mkali. Kule Kerguelen, visiwa vya baridi kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, wako nzi wasio na mabawa ya kurukia. Huko anayethubutu kuruka anasombwa na upepo hadi baharini. Ufa wa Ukazi ni kisiwa pia, ila umezungukwa na ukame badala ya maji. Macho nayo ni hesabu ile ile: gizani jicho kubwa halina kazi.

Chakula kinatoka wapi ndani ya jiwe? Hapa ndipo popo wanapoingia, na kwa kweli bila popo hakuna hadithi.

Ndani ya jiwe hakuna jua la kutosha, kwa hiyo hakuna mimea, na bila mimea hakuna msingi wa chakula. Popo ndio magari ya mizigo. Kila usiku wanatoka, wanakula huko nje, na alfajiri wanarudi kulala na matumbo yamejaa. Kinachodondoka chini kutoka kwao ni chakula kilichosagwa tayari. Mavi ya popo wanaokula wadudu yamejaa vipande vya magamba, yana naitrojeni nyingi, na yakirundikana kwa miaka yanakuwa shamba kamili. Kuvu wanaota juu yake, bakteria wanachachuka, utitiri, mende na mbawakawa wanakuja. Mabuu ya nzi wetu hukulia humo humo kwenye mavi. Nzi wazima inadhaniwa wanajipatia riziki kwa majimaji yanayotoka kwenye miili ya popo. Yaani maisha yote, kuanzia yai hadi kifo, yanategemea kundi moja la wanyama wanaoning'inia juu.

Mtu aliyesoma kidogo kuhusu wadudu ataruka hapa aseme: ala, kumbe ni nzi wa popo tu! Hapana. Kweli, wapo nzi wa popo wanaojulikana sana, na baadhi yao (ukoo wa Nycteribiidae) hawana mabawa kabisa na wanafanana na buibui. Lakini wale ni wanyonya damu, wanaishi kwenye manyoya ya popo, na ni jamaa wa mbung'o. Na kama mbung'o, hawatagi mayai. Mama anamlea buu mmoja tumboni, akikomaa ndipo anamzaa. Nzi wa Ukazi hutaga mayai kama nzi wa kawaida na mabuu wanajitafutia. Kufanana kwao kumetokana na mazingira. Ukiishi gizani kati ya popo, umbo la buibui linakufaa, haijalishi ulitoka ukoo gani.

Na kuna mwingine tena, mbali kabisa. New Zealand yupo nzi anayeitwa Mystacinobia zelandica, aliyeelezwa mwaka 1976. Hana mabawa, anaishi na popo ndani ya mashina ya miti mikubwa yenye uwazi, anakula mavi yao, na yeye pia ni spishi pekee katika ukoo wake. Ukisoma maelezo yake unaweza kudhani ni pacha wa huyu wetu. Lakini ni wa tawi jingine kabisa la nzi. Matawi mawili, pembe mbili za dunia, maisha yale yale, wakafikia jibu karibu moja. Mimi nikiulizwa mfano wa mageuko yanayofikia mahali pamoja kwa njia tofauti, sisemi tena papa na pomboo. Nawapa hawa.

Turudi Kenya. Mwaka 1933 Major H. B. Sharpe, ofisa wa utawala wa kikoloni, alikusanya nzi hawa Ukazi. Vielelezo vikapelekwa London, na mwaka 1936 Ernest Edward Austen wa jumba la makumbusho la historia ya asili la huko akavichapishia maelezo. Ona alichofanya: hakutangaza spishi mpya tu. Katika makala ile ile alitangaza spishi mpya, jenasi mpya na familia mpya, kwa pamoja. Hakuna mahali alipoweza kumweka mgeni huyu, akamjengea nyumba yake.

Mwaka 1948 nzi wakapatikana tena pale pale, na mwaka 1950 F. I. van Emden akaandika makala nzima kujaribu kujibu swali la nafasi yake kati ya nzi wengine. Baada ya hapo, kimya. Watu walikwenda Ukazi zaidi ya mara moja kumtafuta na kurudi mikono mitupu. Miaka sitini ikapita. Kizazi kizima cha wataalamu wa nzi wa Afrika kilizeeka kikimjua kwa vielelezo vikavu vilivyotobolewa kwa sindano.

Kisha Desemba 2010, Robert Copeland wa kituo cha icipe, kile kilichoko Kasarani, Nairobi, na Ashley Kirk-Spriggs, wakati huo wa makumbusho ya taifa ya Bloemfontein, Afrika Kusini, waliongoza safari ya kwenda Ukazi. Ufa una kimo cha kama mita 20. Wakawakuta. Hai, wakitembea juu ya jiwe.

Kwa nini wengine walikosa na hawa wakapata? Mimi nadhani kalenda ina mkono wake. Desemba Ukambani ni mwisho wa mvua za vuli, na kila mkulima wa kule atakwambia mvua hizo ndizo za kutegemewa kuliko za masika. Mavi makavu kama unga hayalei buu. Yanahitaji unyevu ili kuvu na bakteria wafanye kazi. Basi ukienda Agosti, kila kitu ni vumbi, na nzi wachache waliopo wako juu kabisa ndani ya mpasuko ambako mkono na tochi havifiki. Unasimama chini unatazama jiwe, na unarudi nyumbani kuandika kwamba huenda spishi imetoweka. Kutoonekana na kutokuwepo ni vitu viwili, lakini kwenye ripoti vinafanana sana.

Sasa swali lililomsumbua van Emden: huyu ni jamaa wa nani? Ugumu wake una sababu ambayo wasio wa fani hii hawaijui. Sisi tunaotambua nzi, kitu cha kwanza kukitazama ni mishipa ya bawa. Ile mistari inayopita kwenye bawa ina mpangilio wake, kila familia na ramani yake, kama vile alama za ng'ombe zinavyomtambulisha mwenyewe. Ukinipa bawa moja la nzi, hata bila mwili, mara nyingi naweza kukuambia ukoo. Lakini bawa la Mormotomyia limesinyaa, ramani imefutika. Manyoya yamefunika alama nyingine, macho yamepungua. Mageuko yamefuta karibu kila kitu ambacho tungekitumia kumsoma. Kwa hiyo kila mtaalamu alishika sehemu aliyoona na kupendekeza ukoo wake, na majibu hayakukubaliana.

Ndiyo maana nzi wabichi wa mwaka 2010 walikuwa na thamani kuliko vielelezo vya zamani. Ukihifadhi mdudu kwenye spiriti kali, vinasaba vyake vinadumu vizuri. Mdudu aliyekaushwa na kukaa kwenye droo tangu 1933, vinasaba vyake vimekatikakatika kama karatasi iliyoliwa na mchwa. Nao mwili mzima wa nzi wabichi unaweza kupasuliwa na kutazamwa vizuri, pamoja na papasi, sehemu za uzazi, mayai na mabuu. Mwaka 2011 Copeland na wenzake wakachapisha makala ndefu ya maisha yake.

Leo anawekwa katika kundi kubwa linaloitwa Ephydroidea. Na nani mwingine yumo humo? Vile vinzi vya ndizi mbivu! Drosophila, mdudu maarufu kuliko wote wa maabara, aliyetufundisha nusu ya tunayoyajua kuhusu urithi wa vinasaba. Zimwi la Ukazi ni mtu wa ukoo wa mbali wa kinzi kinachoelea juu ya glasi yako ya juisi. Katika kundi hilo yumo pia chawa wa nyuki, Braula, ambaye licha ya jina hilo ni nzi aliyepoteza mabawa na kuhamia kwenye mgongo wa nyuki. Inaelekea katika kundi hili kupoteza mabawa na kwenda kuishi kwa mwingine si jambo geni.

Linabaki fumbo ninalolipenda zaidi. Nzi asiyeruka alifikaje kwenye jiwe hilo? Kuna njia mbili za kulifikiria. Ya kwanza: zamani mababu zake walikuwa wengi, wakiishi kwenye mapango na nyufa nyingi, kisha hali ya hewa ikabadilika, makazi yakakauka moja baada ya jingine, na Ukazi ikawa ya mwisho. Ya pili: nzi hawa husafiri kwa kudandia popo. Yule wa New Zealand hufanya hivyo hasa, anang'ang'ania manyoya ya popo wanapohama shina. Kwa nini huyu wetu asidandie? Ana miguu mirefu na yuko karibu na popo maisha yake yote.

Tofauti kati ya njia hizo mbili si mchezo wa maneno. Kama ni ya kwanza, ufa wa Ukazi ni mshumaa wa mwisho. Kama ni ya pili, basi zipo nyufa nyingine zenye nzi hawa, kwenye vilima vingine kati ya Kitui, Tana River na Garissa, na kinachokosekana ni watu wa kwenda kutazama. Ukanda huo una vilima vya jiwe vingi mno, na vingi havijawahi kuchunguliwa na mtu wa wadudu. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba nzi huyu ni adimu, jiulize ni uadimu wa nzi au wa watafutaji.

Hata hivyo, ingekuwa mimi ndiye ninayeamua, ningefanya mambo kana kwamba ni mshumaa wa mwisho. Kwa sababu hesabu ya hasara hapa si ya kawaida. Spishi moja ya nzi wa ndizi ikitoweka, zinabaki maelfu zinazofanana nayo, na mengi ya historia yake bado tunaweza kuyasoma kwa ndugu zake. Huyu akitoweka, linaanguka tawi zima lililokuwa likikua peke yake kwa mamilioni ya miaka. Na halihitaji msiba mkubwa kuanguka. Fikiria tu vitu vya kawaida. Mtu anahitaji kokoto za ujenzi na jiwe liko kando ya lami. Mtu amesikia kwamba mavi ya popo ni mbolea nzuri (ni kweli) na anakuja na magunia. Au, linalonitia hofu zaidi, watu wanaamua kuwafukuza popo kwa moshi.

Hofu ya popo ninaielewa. Ugonjwa wa Marburg ulihusishwa na pango la Kitum, Mlima Elgon, mwaka 1980 na 1987, na wakati wa Korona kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu popo. Ila popo wa matunda wanaobeba virusi vya Marburg si popo wote, na popo anayekula wadudu anakumalizia wadudu wa shambani bila kukutoza kitu. Hatari inakuja ukiwaingilia kwao: kuvuta vumbi la mavi yao kunaweza kukupa ugonjwa wa kuvu kwenye mapafu, na kuwashika kwa mkono ni kujitafutia kuumwa. Waache walipo, wewe kaa nje. Hilo linawafaa popo, linakufaa wewe, na linamfaa nzi.

Najua swali lililobaki, maana huulizwa kila ninapoisimulia hadithi hii, hasa na mjomba wangu mmoja ambaye hajaelewa mpaka leo kwa nini mtu asomee nzi miaka miwili: faida yake ni nini? Jibu la ukweli: sina dawa wala mbolea ya kukuonyesha. Haliwi, haumi, hachavushi mimea ninayoijua. Ningeweza kubuni faida, waombaji wa ruzuku hufanya hivyo kila siku. Lakini nadhani swali lenyewe limekaa upande usiofaa. Tuna tawi zima la uhai linalojulikana kutoka kilima kimoja cha Kitui, na mwanafunzi wa shule iliyo kilomita chache kutoka pale anafundishwa mzunguko wa maisha wa nzi kwa picha ya nzi wa Ulaya. Hilo ndilo linaloniuma.

Kwa wale wanaotaka kufanya kitu, mambo machache. Kama uko maeneo hayo na unajua ufa wenye popo, nenda baada ya mvua kubwa, jioni, na tochi, usimame nje uangalie sehemu ya chini ya jiwe. Ukiona kitu cha manjano chenye manyoya kinachokimbia kama buibui, hesabu miguu. Buibui ana minane. Sita ni mdudu, na hapo moyo unaruhusiwa kwenda mbio. Piga picha na simu kutoka pembe kadhaa, weka sarafu kando ili ukubwa ujulikane, washa huduma ya mahali ili picha ibebe alama za ramani, kisha iweke kwenye iNaturalist. Usimchukue. Kukusanya vielelezo kwa utafiti hapa Kenya kunahitaji leseni ya NACOSTI na kibali cha KWS, na hata ungekuwa navyo, kumwondoa mdudu ambaye hatujui wako wangapi ni jambo la kufikiria mara mbili.

Kwa wanafunzi: kuna kitabu cha nzi wote wa Afrika kinachoitwa Manual of Afrotropical Diptera, kilichohaririwa na huyo huyo Kirk-Spriggs pamoja na Bradley Sinclair, kilichoanza kutoka mwaka 2017, na kinapakuliwa bure. Ni juzuu nene, picha nzuri, na kina funguo za kutambua familia. Mkishindwa kumaliza funguo kwa sababu mdudu wenu hana bawa la kusoma, mjue mmekutana na tatizo la van Emden.

Na kama wewe ni mwenyeji wa Ukazi, au bibi yako alichunga mbuzi kwenye kilima hicho, nina ombi. Wazee walioishi hapo kabla ya 1933 bila shaka waliwaona wadudu hawa wakitoka kwenye jiwe mvua zikinyesha. Waliwaitaje kwa Kikamba? Tuandikie.